Mvueni nguo kwanza, kadi itafuata

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, mingi nikiwa chumba cha dharura hapa Dar es Salaam, na sasa nimestaafu. Redio ikitaja gesi za sumu za vitani, kama sarini iliyoua watu Ghouta, Syria, Agosti 2013, majirani zangu huwasikitikia wale watu kisha husema hayo ni ya huko. Si ya huko tu. Mwaka 1936 Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu waharibifu wa mazao, akaipata tabuni, sumu ya kwanza ya ukoo wa sarini. Ndugu zake walio dhaifu zaidi wamo kwenye dawa za wadudu tunazopulizia mboga hadi leo.

Usiku mmoja bajaji ilituletea kijana wa miaka kama 20, mkulima wa mchicha bonde la Msimbazi. Bomba la kupulizia dawa lilikuwa limemvujia mgongoni tangu alasiri. Mate yalimchuruzika, jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, misuli ya mapaja inachezacheza. Mama yake akanishika mkono: "Mwanangu, nimemnywesha maziwa nusu lita, mbona hapati nafuu?" Sumu ilikuwa kwenye shati, na shati alikuwa bado amelivaa. Alikaa nalo kwenye bajaji, akakaa nalo kwenye benchi huku kaka yake akipanga foleni ya kadi, na sisi tuliosomea kazi tukamlaza nalo kitandani. Nilipoinama kumtafuta mshipa ndipo nikasikia harufu kama ya kitunguu saumu, nikachukua mkasi.

Alfajiri mimi mwenyewe kichwa kiliniuma na macho yakaona ukungu. Mwenzangu alitapika. Ndivyo ilivyokuwa Tokyo, Machi 20, 1995, sarini ilipoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi: hospitali moja ilipokea watu zaidi ya 600 siku hiyo, wakaingizwa ndani na nguo zao, na wafanyakazi zaidi ya 100 wakapata dalili.

Sumu hii hukishika kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayozima ujumbe wa neva. Ujumbe usipozimwa, tezi humwaga maji bila kukoma, mapafu hujaa, mtu anazama akiwa nchi kavu. Dawa ya atropini ndiyo inayokausha. Daktari wa zamu alianza na miligramu 2, akawa anaongeza maradufu kila baada ya dakika 5 huku akisikiliza kifua. Hatukuhangaika na mboni, wala mapigo ya moyo kwenda mbio hayakutuzuia. Tulisubiri kifua kikauke. Kabati letu lilikuwa na ampuli 10, vichupa vya dawa ya sindano, za miligramu moja moja. Ziliisha kabla dozi ya tatu haijatimia. Dereva wa gari la wagonjwa alikwenda kuazima hospitali nyingine, na dakika zile sitazisahau. Diazepamu ya kuzuia degedege tulikuwa nayo. Pralidoksimu, inayokifungua kimeng'enya ikiwahi, hatukuwa nayo kabisa. Kijana alipona, Mungu ni mwema, lakini alikaribia mno.

Ninawaomba wakuu wa hospitali zetu jambo moja: mwenye sumu mwilini apite kwenye maji kabla ya kupita mapokezi. Kumvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu iliyomwagikia mwilini, na sabuni na maji mengi hufanya mengine. Manesi wapewe glovu nene, si zile nyembamba za kuchomea sindano. Na atropini ihesabiwe kwa kumfikiria mgonjwa mmoja mahututi, anayeweza kumaliza makumi ya ampuli.

Nanyi wazazi, msimwonee haya mtoto wenu mkubwa. Mvueni hapohapo shambani, mvae mifuko mikononi kama hamna glovu, muosheni, kanga moja itamsitiri. Nguo zibaki kwenye ndoo yenye mfuniko. Msimtapishe, msimpe maziwa. Chupa ya dawa mje nayo, hata kama lebo imechanika.

Pale nilipokuwa nikifanya kazi, bomba la maji lipo hatua chache kutoka mlango wa dharura. Kinachokosekana ni mpira wa mita 10, pazia mbili na amri ya maandishi.

Muuguzi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam