Kwa wanangu wabunifu: mmesimama karibu mno

Wanangu waandishi, wachoraji na wabunifu wa kila namna,

Nawaandikia kwa kuwa naona mnavyojichosha. Kazi ikikwama mnaikazia macho, mnakesha nayo, mnafuta na kurudia, hadi mnaanza kuamini kuwa kipaji kimekauka. Hakijakauka. Mmesimama karibu mno.

Tegueni kitendawili hiki. Mfungwa yumo mnarani, ana kamba ambayo urefu wake ni nusu tu ya unaohitajika ili afike chini. Akaigawa nusu kwa nusu, akaviunga vile vipande viwili, akashuka salama. Aliwezaje?

Mwaka 2011 watafiti Evan Polman na Kyle Emich walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi 137 swali hilo. Baadhi waliambiwa wajione wao wenyewe ndio wafungwa, wengine wamwone mtu mwingine mle mnarani. Waliojifunga wenyewe walipata jibu asilimia 48. Waliomfunga mwingine, asilimia 66. Kamba ni ileile, mnara ni uleule! Wahenga walisema mganga hajigangi, nami miaka yote nilidhani wanazungumzia dawa tu.

(Aliipasua kamba kwa urefu wake, akapata mbili nyembamba.)

Yaacov Trope na Nira Liberman, wanasaikolojia, wanaeleza kuwa jambo la karibu tunaliona kwa vijisehemu vyake, la mbali tunaliona kwa kiini chake. Na umbali wenyewe si wa maili peke yake: upo wa wakati, wa mahali, wa mtu na mtu, na wa lile linaloweza kuwa au lisiwe. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wanafunzi waliombwa kutaja vyombo vya usafiri vingi kadiri wawezavyo. Walioambiwa kuwa zoezi limetungwa na wenzao walioko Ugiriki walitaja vingi zaidi, tena vya kipekee zaidi, kuliko walioambiwa limetungwa palepale Indiana. Utafiti huo ulitoka mwaka 2009. Hakuna aliyepanda ndege, wanangu. Kusikia tu habari ya mbali kulitosha.

Mimi nimehariri miswada ya watu kwa miaka mingi, na kasoro za wengine naziona mara moja. Wangu niliusoma mara saba nikiona uko sawa, ila hauendi. Nikaufungia kabatini miezi minne. Siku niliyoutoa niliusoma kama wa mtu nisiyemjua, na kufikia ukurasa wa kumi nilishajua: msimulizi siye. Aliyepaswa kusimulia ni mdogo wake, yule niliyempa sentensi mbili tu.

Basi msijiulize "nitaimalizaje hii?" Ulizeni: rafiki yangu angeniletea kazi hii, ningemwambia nini? Au jioneni mwaka mmoja kutoka leo, mkiitazama ikiwa imekwisha. Ila msikae huko mbali. Wazo likishapatikana, rudini mezani, maana nukta, rangi na vipimo vinataka pua iguse karatasi. Nimeona wengi wenye mawazo makubwa ambayo hayakupata hata ukurasa mmoja, na huwa nawasikitikia.

Wiki hii kila mmoja achukue kazi yake iliyokwama, afute jina, ampe mwenzake. Mkikutana tena nitaketi nanyi tuzisome.

Mzee wenu