Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viungo vya Ajabu vya Dinosaria Wala Nyama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliona tusitawanye nguvu. Tulichukua swali moja tu, lile ambalo wageni hutuuliza kila tunapotandaza meza ya maonyesho: kile kimkono cha Tyrannosaurus kilikuwa cha nini? Lile tanga mgongoni je? Na pembe juu ya macho? Taarifa hii inaeleza tulikofika, vibao gani vya maelezo vinapaswa kubadilishwa, na kazi inayotungoja. Mapato na matumizi yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, sitayarudia.

Naanza na kosa la zamani lililowapata hata mabingwa. Mwaka 1965 msafara wa Poland na Mongolia ulifukua katika jangwa la Gobi mikono miwili ya dinosaria, kila mmoja na urefu wa mita 2.4 hivi. Mwili karibu wote haukuwepo. Mnyama akaitwa Deinocheirus, yaani mkono wa kutisha, na kwa miaka mingi wachoraji walimpa sura ya muuaji anayerarua kila kitu. Mwaka 2014 yalitangazwa mabaki mengine yaliyokamilisha mwili: nundu mgongoni, mdomo bapa kama wa bata usio na meno, mabaki ya samaki tumboni, na pamoja nayo mawe ya kusagia chakula zaidi ya 1,400. Ncha za kucha zake zilikuwa butu tangu mwanzo, na kila aliyeiona ile mikono aliziona. Urefu wa mkono ulisikilizwa, ncha ya ukucha haikusikilizwa.

Tulipopitia vibao vyetu kwa jicho hilo, tuligundua kwamba tunachanganya maswali matatu. La kwanza ni kiungo kiliweza kufanya nini: hili mifupa inalijibu, maana kiungio kina mwisho wa kupinda na msuli huacha alama pale uliposhika. La pili ni mnyama alikitumia kwa nini: hapa tunahitaji nyayo, alama za meno, chakula kilichobaki tumboni, na mifano ya wanyama walio hai. La tatu ni kwa nini kiungo kilifikia umbo lile katika vizazi. Jibu la swali moja halijibu mengine, na ubishi mwingi katika vikao vyetu ulitokana na watu wawili kujibu maswali mawili tofauti kwa sauti kubwa.

Mkono wa Tyrannosaurus unaonyesha jambo hili vizuri. Mnyama wa mita 12, mkono wa mita 1 hivi, vidole viwili. Kuweza, uliweza: mifupa ni minene na mahali pa msuli pameandikwa waziwazi. Makadirio ya Kenneth Carpenter na Matt Smith ya mwaka 2001 yaliupa msuli wa mbele wa mkono huo uwezo wa kuinua karibu kilo 200. Kutumika, kuna dhana nyingi. Henry Fairfield Osborn, aliyempa mnyama huyu jina mwaka 1905, alidhani dume alimshikia jike. Kufupika ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2022 Kevin Padian alipendekeza kwamba wanyama hawa walipokula mzoga kwa pamoja, vichwa vikubwa vikigombea nyama, mkono mrefu ungeng'atwa, basi mfupi ukawa salama zaidi. Mwaka huohuo alitangazwa Meraxes wa Argentina, mwenye fuvu la sentimita 127 na mikono mifupi vilevile, naye si wa ukoo wa Tyrannosaurus. Kwa hiyo mikono ilifupika zaidi ya mara moja, katika koo mbalimbali, na katika koo hizi kichwa kilikuwa kimekua sana. Yaelekea kichwa kilikuwa kimetwaa kazi ya kukamata. Hata hivyo mikono ya Meraxes ina alama za misuli mikubwa, kwa hiyo si haki kuiita mabaki yasiyo na kazi. Kibao chetu kinachosema "mikono isiyo na faida" kiondolewe.

Cha Carnotaurus kinahitaji uangalifu wa aina yake. Huyu naye ni wa Argentina, alipewa jina na José Bonaparte mwaka 1985. Mifupa ya kigasha chake ina urefu kama robo tu ya mfupa wa mkono wa juu, na vidole haviwezi kushika kitu. Lakini kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, pale begani, ni cha mviringo, kinazunguka vizuri ndani ya kiungio. Mkono usioshika lakini unaozunguka: wapo wanaodhani aliutikisa kama ishara kwa wenzake. Tuandike kwamba ni dhana.

Sasa ukucha wa mundu, ambao ndio uliotuchukulia muda mwingi, na ninafurahi kwamba ulituchukulia. John Ostrom alimweleza Deinonychus wa Montana mwaka 1969, na ukucha wa kidole cha pili cha mguu, ukihesabu na gamba lake, ulizidi sentimita 12. Kidole hicho kiliinuliwa wakati wa kutembea. Hatukisii, zipo nyayo za jamaa zake zenye alama za vidole viwili tu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mnyama aliruka na kupasua tumbo la windo kwa teke. Phillip Manning na wenzake walitengeneza mguu wa mashine wenye ukucha wa aina hiyo wakaupiga kwenye mzoga wa nguruwe, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Ukucha ulitoboa, haukupasua. Sababu iko kwenye ukingo wa ndani: ni wa mviringo, hauna makali, kwa hiyo nyama hujikunja mbele yake badala ya kukatika. Tofauti ni ya kisu na msumari.

Mwaka 2011 Denver Fowler na wenzake walilinganisha miguu hiyo na ya tai na vipanga. Kipanga akikamata windo kubwa kidogo hulikandamiza kwa uzito wake, hulishika kwa kucha za vidole vya pili, hupiga mabawa ili asianguke, kisha huanza kula hata kabla windo halijafa. Deinonychus ana mguu mfupi na imara kwa mnyama wa umbo lake, unaofaa kushika kuliko kukimbia, na mikono yake yaelekea ilikuwa na manyoya, ya kupigapiga kama mabawa. Yupo pia jamaa yake Velociraptor, aliyefukuliwa Mongolia mwaka 1971 akiwa ameshikamana na Protoceratops, dinosaria mla majani, ukucha wake ukiwa shingoni mwa windo. Kibao kipya kitasema: ukucha wa kushikilia na kutoboa.

Ili wageni waelewe kushika kwa mguu, tumeamua kutumia mguu wa kuku kwenye kila meza. Nunua mbichi, uliokatwa kwenye kiungio kilicho juu ya sehemu ya mguu yenye magamba. Chana ngozi sentimita 2 upande wa nyuma kuanzia palipokatwa, utaona kano nyeupe zimelala pamoja. Zibane kwa koleo, shika mguu imara kwa mkono mwingine, vuta polepole: vidole vitajikunja. Kisha tafuta kano ya mbele, ivute, vidole vitanyooka. Mambo matatu huharibu zoezi. Mguu uliochemshwa hauwezi, kano zake hukatika. Uliokaushwa na upepo wa friji huwa mgumu, na ni heri uuloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Na ukivuta kano moja peke yake, kidole kimoja tu ndicho kitakachosogea, mgeni akadhani mguu umeharibika. Mwonyeshe hilo kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo mnyama anavyoweza kukitumia kidole kimoja bila vingine. Nawa mikono, na watoto wanawe.

Wanaopima nakala za plasta nawakumbusha: ukucha una vipimo viwili. Mstari ulionyooka kutoka shina hadi ncha ni mmoja. Uzi uliolazwa juu ya mpindo wa nje ni mwingine, nao ni mrefu zaidi. Andikeni ni upi. Andikeni pia kama ni mfupa mtupu, maana gamba la juu huoza na ukucha wa mnyama alipokuwa hai ulikuwa mrefu kuliko mfupa tunaoushika.

Spinosaurus aligawanya kikao chetu, na nadhani ni haki agawanye. Ernst Stromer alimpa jina mwaka 1915 kutokana na mifupa ya Bahariya, Misri, yenye miiba ya pingili za mgongo iliyofika mita 1.65, ndiyo iliyoshikilia lile tanga. Mifupa hiyo iliteketea kwa mabomu mjini Munich mwezi Aprili 1944. Tumebaki na michoro na picha. Mabaki mapya yalitoka Moroko, na mwaka 2020 Nizar Ibrahim na wenzake walitangaza mkia wenye miiba mirefu, bapa kama kasia. Nakala za mkia huo zilipojaribiwa majini zilisukuma kwa nguvu kuliko mikia ya dinosaria wala nyama wa nchi kavu. Mifupa yake ni mizito, haina uwazi mpana katikati, kama ya wanyama wanaozama. Meno ni ya umbo la pia, hayana makali ya msumeno, yanafaa samaki anayeteleza.

Kwa upande wa pili, David Hone na Thomas Holtz walisema mwaka 2021 kwamba umbo lake linafanana zaidi na mvuvi wa ukingoni, anayesimama majini kama korongo na kuchota. Mwaka uliofuata Paul Sereno na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba kwenye kina kirefu angeyumba, na lile tanga lingemzidishia taabu. Hoja ya uzito wa mifupa nayo ilipingwa mwaka 2024 kwa namna takwimu zake zilivyofanywa. Msimamo wa kamati: kibao kiseme alikula samaki na alikaa karibu na maji, kisha kitaje kwamba kufukuza windo chini ya maji kunabishaniwa. Kuhusu tanga, mimi naona kujionyesha ndiyo kazi yake ya kwanza. Linaonekana kutoka mbali hata mwili ukiwa majini, na dhana ya kupoza joto haielezi kwa nini jamaa zake wa karibu, waliokuwa na miili mikubwa pia, hawakuwa na tanga kama lile. Wasiokubaliana nami waje na hoja zao kwenye mkutano mkuu.

Pembe na vishungi nitavipita kwa haraka. Dilophosaurus wa Arizona alikuwa na vishungi viwili vyembamba. Hakuna mfupa wowote unaoonyesha kwamba alitema sumu au alikuwa na ngozi ya kukunjua shingoni, na watoto wanaouliza waambiwe hivyo kwa upole. Cryolophosaurus wa Antaktika ana kishungi kilichokaa kukingama kichwa, kama kitana. Vishungi hivi ni vyepesi mno kupigania. Mfano ulio karibu nasi ni hondohondo, ambaye pembe ya mdomoni mwake hutambulisha umri na jinsia. Tukumbuke pia undu wa jogoo, usio na mfupa hata kidogo: angekuwa kisukuku tungemchora kipara. Mfupa tunaouona ni kiwango cha chini cha pambo, juu yake huenda palikuwa na mengi zaidi.

Tusidai kwamba wenye pembe walikuwa madume. Kinyonga wa Usambara mwenye pembe tatu anatushawishi, maana kwake dume ana pembe na jike hana, lakini kuthibitisha tofauti ya namna hiyo kunahitaji mifupa mingi ya aina moja, na kwa wengi wa hawa wala nyama tuna michache mno. Vibao viwili vinavyosema "dume" vishushwe mwezi huu.

Kuna pia midomo. Utafiti wa mwaka 2023 uliochapishwa katika jarida la Science uliangalia jinsi meno yanavyolika. Jino la mamba linalobaki nje hukauka na kulika zaidi upande wa nje. La Daspletosaurus, jamaa wa Tyrannosaurus, limelika sawasawa pande zote mbili, dalili kwamba lililowanishwa na kufunikwa na midomo kama ya kenge. Sanamu yetu yenye meno nje itabaki, lakini itawekewa maelezo.

Mwisho, wa kwetu. Elaphrosaurus alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika msafara wa Kijerumani wa 1909 hadi 1913, ambako nyapara mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Werner Janensch alimpa jina mwaka 1920 na kiunzi chake kiko Berlin. Muundi wake ni mrefu kuliko paja, alama ya mkimbiaji. Shingo ni ndefu na nyembamba, haimfai mnyama wa kuangusha windo kubwa. Fuvu halikupatikana, kwa hiyo kila kichwa kinachochorwa juu ya shingo ile kimekopwa kwa jamaa. Mmoja wao, Limusaurus wa China, alizaliwa na meno na kuyapoteza alipokua. Mwingine, Masiakasaurus wa Madagaska, ana meno ya mbele yaliyolala kuelekea nje, ya kudonolea vitu vidogo. Kwa ukoo kama huo, kuchora Elaphrosaurus akiwa na taya la simba ni kumsingizia.

Kazi ya mwaka ujao ni kibao kamili cha Elaphrosaurus kwa Kiswahili, chenye mchoro wa mifupa iliyopatikana kwa rangi moja na ya kukopa kwa rangi nyingine, na majina ya wachimbaji wanaojulikana. Wenye picha za kiunzi cha Berlin zilizopigwa kutoka ubavuni, zikiwa na kipimo pembeni, wazikabidhi kwa katibu kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti