KUH: Jiko lililoharibiwa, birika lililovunjwa na dharau aliyofanyiwa mama yangu

Kwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu simu zangu ofisini kwenu hupokewa kisha zikakatwa, na kwa sababu yaliyotendeka katika nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, si ya kumalizwa na kijana wa mapokezi. Mkataba wa kukarabati jiko na ua wetu mnao, michoro mliichora nyinyi, na masharti ya kazi yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hivyo sitayarudia.

Msimamizi wenu alivunja birika la uani, lile tangi la maji la kujengwa. Mama yangu alipotoka kumuuliza kwa upole ni nani aliyempa ruhusa, alimjibu mbele ya mafundi na wachukuzi: “Bi mkubwa, rudi ukalale, haya si mambo yako.” Mafundi wakacheka. Mama hakujibu, alirudi chumbani akafunga mlango.

Birika hilo lilikuwamo kwenye mchoro wenu. Tulichokubaliana ni ua mtulivu wa kisasa: birika libaki na maji yake na visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, baraza ya chokaa ijengwe kando yake, asmini na mkilua vipandwe pembeni, na taa ziwe chache, za kufichwa ukutani. Badala yake nimeachiwa vigae vyeupe vinavyochoma macho adhuhuri, na maji ya kuoshea ua yanayokimbilia mlango wa jiko badala ya mfereji. Sijui huo utulivu mnaoutangaza mnauweka wapi.

Jikoni ndiko kwenye hasara kubwa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu na kuutoa. Fundi yeyote wa Lamu aliyewahi kushika mwiko anajua kwamba ukizipiga saruji unaufungia unyevu ndani, chumvi inatafuta pa kutokea, na plasta inavimba kisha inabambuka. Mlituahidi kwa maandishi plasta ya chokaa. Nilipoona mifuko ya saruji ikishushwa migongoni mwa punda nilimuuliza msimamizi, naye akasema ni ya sakafu tu. Leo nikipitisha kiganja nyuma ya sinki kinatoka na unga mweupe wa chumvi, na kabati la juu, ambalo skrubu zake zimeshikwa na plasta hiyo hiyo, limeanza kuinamia jiko la gesi. Tafadhali usinijibu kwamba hiyo ni hali ya hewa ya pwani. Nyumba hii imekaa na hali hiyo tangu kabla ya babu yangu kuzaliwa, na haikuwahi kubambuka hivi.

Na kibali je? Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ni nyinyi mliojitwika jukumu la kupata idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya nyundo ya kwanza. Nilipoomba nakala niliambiwa iko Mombasa. Mpaka leo iko Mombasa.

Narudi kwa mama, kwa maana sijayasema yote. Msimamizi wenu aliingia bila hodi, na viatu vyake miguuni, akaukanyaga mkeka ambao mama alikuwa ameinuka punde tu baada ya sala ya alasiri. Simu ilikuwa sikioni. Mama alimwambia, “Mwanangu, birika hili alilijenga baba yangu kwa mikono yake.” Hakuiondoa hiyo simu. Alimpungia mkono kama mtu anayefukuza kuku, akamwambia arudi akalale, kisha akaendelea na mazungumzo yake. Kijana yule angeweza kuwa mjukuu wake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai, chai ambayo mama ndiye aliyeniambia niwapikie.

Ninachodai ni kwamba saruji yote ibanduliwe kwa gharama yenu, plasta ya chokaa ipigwe, na birika lijengwe upya pale pale lilipokuwa. Wala sitaki tena mafundi wenu waishike kazi hiyo: mtanirudishia Sh450,000 za malipo ya awali, nitachagua fundi wangu hapa hapa Lamu, na ankara yake ya kubomoa na kujenga mtailipa nyinyi. Msimamizi wenu aje mwenyewe, avue viatu mlangoni, amwombe mama radhi mbele ya wale wale waliocheka. Barua ya radhi iliyopigwa chapa ofisini sitaipokea.

Mkinyamaza hadi mwisho wa mwezi huu, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na wakati huo sitadai malipo ya awali peke yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi itapata barua yangu ikague usajili wenu, na Makavazi wataletewa picha za birika, kabla ya kuvunjwa na baada ya kuvunjwa. Picha ninazo. Mashahidi pia ninao, na wawili kati yao ni mafundi wenu waliocheka siku ile.

Mteja wenu,
Mkomani, Lamu