Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Madaktari Tunao, Viti Je?

Ndugu wanachama, madaktari wa meno, maafisa wa afya ya kinywa na mafundi wa meno bandia wa Nakuru,

Mwaka jana niliposimama mbele yenu nilisema shida yetu ni uhaba wa madaktari wa meno. Leo narudi kujikosoa, angalau nusu. Uhaba upo, tena mkubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria madaktari wa meno 3 hivi kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, na wastani wa dunia ukiwa kama 33. Lakini mimi na katibu tulipozunguka kutoka Kuresoi hadi Naivasha tulikuta jambo ambalo hesabu hiyo hailioni. Daktari yupo, kiti chake cha kutibia meno ndicho kimekufa.

Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, mwenzetu alitupeleka kuona kiti kilichofunikwa shuka tangu kompresa ilipoungua. Bila hewa ya kompresa drili haizunguki, na drili isipozunguka, jino ambalo lingezibwa huishia kung'olewa. Alikuwa na ganzi, koleo na miaka mitano ya chuo kikuu. Akaniambia, "Mwenyekiti, nilisomea kuokoa meno, nalipwa kuyang'oa." Sikuwa na jibu.

Ndiyo sababu kamati iliamua fedha za semina zisiende hotelini mwaka huu. Tulimlipa fundi wa mitambo ya hospitali azungukie vituo vinne. Viti vitatu vinafanya kazi. Cha nne, ambacho ni hicho cha shuka, kinangoja kipuri, na kipuri kinangoja bajeti. Mnajua wenyewe kungoja bajeti kulivyo. Hesabu atazisoma mweka hazina. Wale mliokosa chai ya semina, malalamiko yenu yamenifikia.

Suala la kiti linaanzia chuoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kikafungua mlango wa pili, ulio karibu zaidi na sisi. Watu huuliza kwa nini vyuo hivi havichukui wanafunzi wengi. Darasa la sheria likijaa, unaongeza viti vya plastiki. Mwanafunzi wa meno sharti amtibu mgonjwa halisi, kwenye kiti halisi, mwalimu akiwa begani mwake, na kila kiti kinakula umeme, maji na vipuri. Akishahitimu, anangoja tena kupelekwa kwenye intani, yaani mazoezi ya lazima hospitalini, kabla ya kupata leseni kamili. Mgomo wa madaktari wa siku 56 wa mwaka 2024 ulihusu kwa sehemu kubwa hao madaktari wa intani na malipo yao. Kwa hiyo tuna wagonjwa wanaongoja daktari na daktari anayengoja barua.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu wa nyumbani. Baadhi ya madaktari walitaka chama kiwashinikize maafisa wa afya ya kinywa waliosomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya kinachotoa diploma, waache kuziba meno. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Katikati ya miaka ya 1980, hapo jirani Tanzania, ilianza njia ya kuziba jino bila drili: sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa saruji ya glasi ionoma inayoshika jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Haihitaji umeme, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Tulifanya mafunzo ya siku mbili Njoro, na mkufunzi alikuwa afisa wa afya ya kinywa, mama kutoka Molo. Madaktari wenye digrii walikaa chini wakaandika. Mmoja wao alikuwa kinara wa ule upinzani. Leo simtaji, anajijua.

Shuleni tulifika mara chache kuliko nilivyoahidi. Mvua na ukosefu wa gari vilichangia, lakini na uzembe wetu upo. Tulikofika, maswali yalikuwa yale yale: mbona meno yetu ni ya kahawia na tunapiga mswaki? Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inatia floraidi kwenye maji ya visima, na mara nyingi inapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya taya. Yanapochomoza, doa limeshaingia. Msichana mmoja alituuliza hayo akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Tuliwaeleza wazazi kuhusu maji ya mvua na vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambavyo si vigeni Nakuru. Kazi hiyo haihitaji daktari wa meno hata mmoja. Inahitaji tangi.

Ada zimelegea. Katibu ana orodha ya wanaodaiwa na ameahidi kutoisoma kwa sauti, mradi mmalize kabla ya chakula.

Uchaguzi utafuata baadaye. Uenyekiti sigombei tena. Naomba tu jina langu liandikwe kwenye kamati ndogo ya vifaa, maana kile kiti cha nne bado kimefunikwa shuka.