Barua kwa Rukia: pazia linalotoka chini

Lyon, Ufaransa, Jumapili

Mpendwa Rukia,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Unaona? Barua za darasa la sita bado ninazo kichwani.) Mama naye hajambo? Mfikishie shikamoo yangu.

Jana nilipanda kilima cha Fourvière kutazama magofu ya ukumbi wa maigizo wa Warumi, na muda wote nilikuwa nakuwaza wewe na wanafunzi wako wa sanaa za jukwaani. Ukumbi ulijengwa mnamo mwaka 15 KK, enzi za Kaisari Augusto, kisha katika karne ya pili ukapanuliwa hadi kuingiza watu kama 10,000. Ngazi za kukalia zimesimama wima kiasi kwamba aliye mbele hakuzibi hata awe na kilemba. Mawe mengi yamerudishiwa baada ya uchimbaji ulioanza mwaka 1933, kwa hiyo usidhani kila unapokalia alikalia Mrumi.

Sasa sikia la pazia. Wenzetu hawakulining'iniza juu. Mbele ya jukwaa kuna handaki refu, jembamba, na pazia lilikaa humo. Mchezo ukianza linazama chini, ukiisha linapanda kwa milingoti iliyoingiana, likivutwa kwa kamba. Yaani watazamaji waliona kwanza vichwa vya waigizaji, miguu baadaye! Nilisimama ukingoni mwa lile handaki hadi mlinzi akaanza kunitupia jicho.

Makumbusho yako pale pale ila huyaoni. Msanifu wake, Bernard Zehrfuss, aliyazika ndani ya kilima yasije yakaharibu mandhari, yakafunguliwa mwaka 1975. Unaingilia juu, unateremka ukizunguka, mara unakutana na dirisha kubwa, na ukumbi wote uko mbele yako.

Humo ndani kilichonishika ni bamba la shaba nyeusi lenye hotuba ya Kaisari Klaudio, yule yule wa Matendo ya Mitume. Alizaliwa hapa Lyon. Mwaka 48 BK alisimama mbele ya Seneti ya Roma kuwatetea wakubwa wa Galia (ndiyo Ufaransa ya leo) nao waruhusiwe kuingia humo. Bamba lilifukuliwa mwaka 1528, sehemu ya juu haipo, lakini herufi zilizobaki ni safi kama zimechongwa juzi. Na mzee alikuwa mzungumzaji wa kuzunguka mbuyu! Anaanza na wafalme wa kale, anapotelea kwenye historia, hadi anajikatiza mwenyewe kwa kujitaja jina, akijiambia ni wakati sasa awaonyeshe maseneta hotuba inaelekea wapi. Nilicheka peke yangu. Hata hivyo, hoja yake ilikubaliwa.

Ukifanikiwa kupata viza, njoo Juni au Julai. Tangu mwaka 1946 kuna tamasha kila kiangazi, na ukumbi ule ule unatumika. Watazamaji hupewa vimto vya kukalia, maana jiwe ni jiwe, na onyesho likiwakuna wanavirusha jukwaani, vinanyesha juu ya waigizaji. Wanafunzi wako ukiwaambia hilo watataka kulijaribu kesho yake, shauri yako.

Nijibu upesi.

Wako akupendaye,
Salma