Wazazi waelezwe masharti ya kazi baada ya shahada ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazazi wenzangu wa Tanga jambo ambalo baadhi ya mawakala wa vyuo vya nje hulipitia juu juu: kijana akishahitimu, ataruhusiwa kufanya kazi huko kwa muda gani, na kwa masharti yapi?

Nchini Marekani, mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaweza kupewa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, na aliyesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Hata hivyo, katika ile miezi 12 ya mwanzo hatakiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Sharti hili ndilo linalonitia hofu kubwa, kwa kuwa kijana asiye na mwenyeji wa kumwelekeza anaweza kuzimaliza siku hizo akiwa bado anasubiri majibu ya waajiri. Ujerumani kuna nafuu, kwani mhitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Uingereza nako, miaka 2 ya sasa ya kubaki na kufanya kazi itapungua kuwa miezi 18 kwa wasio na shahada ya uzamivu (PhD) watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027.

Nashauri shule zetu za sekondari ziwaite wazazi wa kidato cha sita na kuwafafanulia haya mapema, kabla familia hazijauza mashamba ya michungwa Muheza ili kulipa ada.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga