Mdogo wangu, usiisambaze bado habari ya Walter Tull

Mdogo wangu,

Ile habari ya Walter Tull uliyonitumia ni tamu, lakini usiisambaze kama ilivyo. Inamwita mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa Uingereza. Siye. Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, alikuwa akidaka huko tangu miaka ya 1880. Hili neno "wa kwanza" ndilo linaloharibu makala nyingi. Mwandishi akishalipata, hachimbi tena.

Anzia Folkestone, mji wa kusini mwa Uingereza, alikozaliwa 1888. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala kutoka Barbados. Mama, Alice, mwenyeji wa Kent. Mama alifariki 1895, baba 1897. Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima cha Wamethodisti, Bethnal Green, London. Edward alilelewa na familia ya Glasgow, akaja kuwa daktari wa meno. Walter alibaki kituoni. Mwaka 1909 alibeba kombe la timu za ridhaa akiwa na Clapton, na Tottenham ikamsajili.

Hapa usipite haraka. Mechi 10 za ligi, mabao 2: wengi wanaona hesabu hiyo wanasema hakuweza. Oktoba 1909, kule Bristol, sehemu ya mashabiki walimtukana kwa rangi yake, na mwandishi wa gazeti aliyekuwepo akamtaja kuwa mshambuliaji bora uwanjani. Muda si mrefu akajikuta timu ya akiba. Mwaka 1911 kocha Herbert Chapman akamchukua Northampton, na huko akarudishwa nyuma, akawa kiungo. Akacheza mechi zaidi ya 100. Kwangu mimi, Tull mchezaji ni huyu wa Northampton.

Desemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, alijiunga na kikosi cha wanasoka katika jeshi la Uingereza, batalioni ya 17 ya Middlesex. Ligi ilikuwa bado inaendelea, kwa hiyo wachezaji walipewa ruhusa Jumamosi wakachezee klabu zao. Akapanda hadi sajini, akapigana kwenye vita vya Somme, Ufaransa, 1916.

Halafu uofisa. Kanuni za jeshi zilitaka mwombaji awe wa asili halisi ya Ulaya. Tull, mjukuu wa mtumwa, alipewa cheo cha luteni usu tarehe 30 Mei 1917. Usiandike "wa kwanza" hapa pia. George Bemand, mzaliwa wa Jamaika, alikipata 1915.

Usiku wa kuamkia 2 Januari 1918, Italia, kwenye mto Piave, Tull alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvuka. Aliongoza kundi la kuwalinda wenzao waliokwenda kuvamia ng'ambo. Kazi ya kundi hilo ni kushika ukingo wa upande wa adui, kuwazuia maadui wasiwakatie wenzao njia ya kurudi. Risasi zilikuwa nyingi, lakini akawarudisha wote bila hata mmoja kujeruhiwa. Meja Jenerali Sydney Lawford alimpongeza kwa maandishi. Pongezi hizo ziandike. Nishani wanayosema alinyimwa iache, maana karatasi ya kumpendekeza haijapatikana.

Aliuawa 25 Machi 1918 karibu na Favreuil, Ufaransa, akiwa na miaka 29. Askari wake Tom Billingham, aliyewahi kuwa kipa, alijaribu kuubeba mwili, ikashindikana kwa risasi. Hana kaburi linalojulikana; jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Arras, Ufaransa. Kwa hiyo ile picha ya kaburi chini ya habari yako itoe, weka ya mnara.